Geji ya mtungi wa gesi haikuibii, sisi ndio tunaisoma kama geji ya tairi

Fundi Mabaridi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Leo nimekuja na kitu kimenikera na kimenichekesha kwa pamoja. Jirani yangu mmoja ni mama, alinunua ile geji ya kufunga kwenye mtungi wa gesi juu ya regyuleta, yenye kijani, njano na nyekundu. Wiki tatu mshale umekaa kwenye kijani hausogei, mama anafurahi, anamwambia kila mtu gesi yangu haiishi. Jumamosi kaweka maharage, mshale ukaanza kushuka, ukapita njano, saa moja baadae uko kwenye nyekundu na moto unakohoa. Akanijia mlangoni kashika geji mkononi, anasema muuzaji kamjazia upepo juu gesi chini, na kesho asubuhi anaenda kumfanyia fujo dukani kwake.

Nikamwambia mama kaa kwanza, kunywa maji. Mimi ni fundi friji, mwaka wa kumi na moja huu nashinda na gesi zinazochemka, hiyo geji yako haijaiba na muuzaji kwa hili hana kosa.

Sikilizeni. Kilichomo ndani ya mtungi ukinunua SIO gesi. Ni maji maji. Utikise utasikia chakacha. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inachemka kwenye nusu nyuzi tu chini ya sifuri. Yaani kwa joto la Dar, ukiimwaga kwenye sahani inachemka hapo hapo kama maji kwenye kikaango. Sasa mbona ndani ya mtungi imetulia? Kwa sababu imefungiwa. Inachemka, mvuke unajaa pale juu, mvuke ukizidi unaikandamiza yale maji yaache kuchemka. Wanafika mahali wanapatana, wanaopanda ni sawa na wanaorudi chini. Hapo ndipo presha inasimama.

Na hiyo presha ya mapatano haijali umebakiwa na maji kiasi gani!! Hapa ndio pa kushika. Kwa joto la nyuzi 30 propani tupu geji itasoma karibu baa 10 (baa ya presha, sio ile ya bia), butani tupu haifiki hata 2. Mtungi uwe umejaa, uwe nusu, uwe na vikombe viwili vimebaki chini, presha ni ile ile ilimradi joto ni lile lile na bado kuna maji. Ukichota mvuke kupikia, maji yanachemka kidogo yanaziba pengo. Kwahiyo geji ya mtungi wa gesi ni kipimajoto kilichovaa nguo za geji. Sisi mafundi friji wala hatushangai, geji zetu zenyewe zimeandikwa presha duara la nje halafu maduara ya ndani ni nyuzi joto, kila gesi na lake. Nikifunga kwenye mtungi wa R134a (gesi ya friji) nikiona psi 97 (psi ni kipimo kingine cha presha) najua nje ni kama nyuzi 30. Sijui mtungi una kilo ngapi na geji haitaniambia mpaka kiama.

Siku yale maji yanapokwisha, pale ndipo anabaki mvuke mtupu na sasa kila unachotoa hakina wa kuziba, mshale unaporomoka. Kama ulikuwa kwenye kijani wiki tatu, nyekundu utaifika jioni moja. Ndicho kilichomkuta mama.

Sheria ya Boyle tuliyokariri kidato cha tatu (ukibana gesi ujazo ukawa nusu, presha inakuwa mara mbili) imegoma hapa, na hakuna mwalimu aliyetuambia kama huwa inagoma. Nawasilisha.

mamaK wa Tandika

Fundi asante ila mimi napinga kidogo. Mimi ni mama lishe, natumia mtungi wa kilo 15 na jiko kubwa la kupikia wali wa watu. Mbona mshale wangu unashuka asubuhi nikipika, nikizima jiko nikirudi saa nane mchana umepanda tena wenyewe? Na hakuna aliyeongeza gesi. Mwanzo nilidhani mtungi una jini.

Bajaji ya Njano

😂😂😂 jini wa gesi

Fundi Mabaridi

mamaK hilo swali lako ndio ushahidi wangu namba moja, huyo jini namjua jina lake.

Shika mtungi ukiwa unapika wali wa watu 60. Baridi si ndio? Unatoka jasho, na siku nyingine unaweka utando mweupe wa barafu chini. Maji hayageuki mvuke bure, lazima yale joto. Kilo moja ya propani kugeuka mvuke inataka kilojuli 350 hivi. Jiko lako kubwa likila kilo moja kwa saa maana yake mtungi unanyonywa joto kama wati 100, ni kama balbu ya kizamani imewaka kinyume nyume. Joto hilo linatoka wapi? Kwanza linatoka kwenye yale maji yenyewe, halafu chuma, halafu hewa ya jikoni. Hewa ya jikoni haiwahi kurudisha kwa kasi hiyo. Basi maji yanapoa, yakipoa presha ya mapatano inashuka, mshale unashuka. Ukizima jiko, mtungi unakula joto la jikoni mpaka unarudi nyuzi 30, mshale unapanda. Jini ni joto.

Na hili ndilo linalowaumiza mama lishe wengi. Mtungi ukiwa umejaa, kuna maji mengi ya kugawana hiyo baridi, hayapoi haraka. Ukibakiwa na kilo mbili hivi, ukichota nusu kilo kwa mkupuo wa haraka, kwa hesabu ya haraka haraka mtungi unaweza kushuka nyuzi 15 kama hewa haijausaidia. Moto unakuwa mdogo, mama anasema gesi imeisha, anapakia kwenye boda anaenda kubadilisha. Ndani kuna kilo moja na nusu, wakati mwingine mbili. Hizo umelipia na umezirudisha dukani.

Mskochi mmoja Joseph Black, miaka ya 1760 pale Glasgow, ndiye aliyeliona hili vizuri kwa maji na barafu, kwamba barafu inayeyuka inakula joto na bado kipimajoto hakisogei. Akaliita joto lililojificha. Jina zuri sana, linajificha kweli kweli.

mamaK wa Tandika

Yaani nimerudisha kilo mbili mbili miaka yote hii?

Mungu wangu.

Mwl Kemia Kanda ya Ziwa

Mleta uzi umefundisha vizuri kuliko sisi tunaolipwa, ila naomba nikurekebishe mambo mawili usije ukapotosha vijana wenye mtihani.

La kwanza, Boyle hajagoma. Wewe ndiye uliyemwita kwenye kesi isiyo yake. Robert Boyle mwaka 1662 alikuwa na bomba la kioo lililopinda kama herufi J, ncha fupi imezibwa na kuna hewa ndani yake, anamwaga zebaki upande mrefu, anaona zebaki inavyozidi hewa inavyojibana. Presha mara mbili, ujazo nusu. Lakini mashariti yake ni kwamba kiasi cha gesi ni kile kile na joto ni lile lile. Mtungi wa jikoni kiasi cha mvuke kinabadilika kila dakika, mara unatoka, mara unazaliwa. Sharti limevunjika kabla hujaanza kuhesabu. Wanafunzi wangu wanaandika sheria mistari miwili halafu wanasahau kale kasentensi ka mwisho ka "endapo joto halibadiliki", mimi hapo nakata maksi zote bila huruma, kwa sababu sheria yenyewe iko pale kwenye endapo.

La pili, umesema presha haibadiliki mpaka maji yaishe. Ingekuwa propani tupu, sawa kabisa. Lakini ni mchanganyiko, na propani ina haraka ya kutoka kuliko butani. Kila ukipika, maji yanayobaki yanakuwa na butani nyingi zaidi kwa uwiano, kwahiyo presha inateremka taratibu sana toka mtungi ukiwa mpya hadi mwisho. Ndio maana moto wa mwisho wa mtungi ni mzito na mvivu hata kama hakuna baridi.

Fundi Mabaridi

Mwalimu heshima yako. La pili nimelikubali mikono juu, nilirahisisha. La kwanza pia nimekubali ila roho inauma.

Bajaji ya Njano

Sasa mimi niulize maana naona mnatuchanganya. Bajaji yangu inatembelea gesi asilia. Geji yangu inashuka taratibu vizuri tu, nikitembea nusu ya safari inaonesha nusu. Hiyo nayo ni kipimajoto??? Alafu kuna kituo kimoja sitakitaja, wananijazia mpaka baa 200, nalipa, naenda kijiweni kula chapati, nikirudi inasoma 185. Nimeshagombana nao mara tatu. Baa 15 zimeenda wapi kama sio kunipiga?

Fundi Mabaridi

Hapo kaka umeuliza swali la maana kuliko uzi wangu wote. Mwalimu malizia, mimi nina friji ya mtu hapa mezani.

Mwl Kemia Kanda ya Ziwa

Kaka, yako ni gesi kweli kweli. Ile ya Songo Songo sehemu kubwa sana ni methani, na methani huwezi kuifanya maji kwa joto la Dar hata uikandamize na kijiko cha greda. Kila gesi ina joto lake la mpaka, juu ya hapo hakuna presha itakayoigeuza maji. Methani mpaka wake ni nyuzi 82 chini ya sifuri, oksijeni ni 118 chini ya sifuri. Propani mpaka wake uko nyuzi 96 juu ya sifuri, ndio maana jikoni kwa mamaK inakubali kukaa kama maji.

Kwahiyo mtungi wako wa bajaji hauna maji chini ya kuziba pengo. Umetoa nusu ya gesi, presha inashuka karibu nusu. Geji yako inasema kweli. Mtungi wa oksijeni wa hospitali vile vile, mitungi ya wazamiaji kule Zanzibar vile vile.

Hii habari ya mpaka iligunduliwa vizuri na Thomas Andrews kule Belfast, alichapisha mwaka 1869, alikuwa anaibana kaboni dioksaidi kwenye vioo vyembamba. Akakuta chini ya nyuzi 31 ukiibana inafika mahali presha inagoma kupanda, inageuka maji tu. Juu ya nyuzi 31 hata ubane vipi huoni maji. Akaja Mholanzi Johannes van der Waals mwaka 1873 akatoa hesabu ya kwa nini, kwamba molekuli zina unene wake na zinavutana, na sheria ya Boyle inazichukulia kama hazina. Huyu namsimulia sana darasani, alikuwa mtoto wa seremala, alikuwa mwalimu wa shule, chuo kikuu kilimbania mitihani muda mrefu kwa sababu hakusoma Kilatini na Kigiriki. Mwaka 1910 akachukua Nobeli ya fizikia. Walimu wenzangu mnaosoma hapa msikate tamaa.

Halafu angalieni mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dioksaidi ofisini kwenu, ule wenye mdomo mweusi kama tarumbeta. Hauna geji. Ule wa unga una geji. Siku mkaguzi akija, ule wa tarumbeta anaubeba anaupima kwenye mizani. Sasa mnajua kwa nini.

Bajaji ya Njano

Mwalimu baa 15 zangu hujazijibu

Mwl Kemia Kanda ya Ziwa

Haya. Ukijaza gesi kwa haraka kwenye mtungi, inajibana na inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma mkono. Tuseme ukitoka kituoni gesi ndani ni nyuzi 50, na ulipomaliza chapati imerudi 30. Presha inafuata joto. Lakini usigawe 30 kwa 50 utalia. Kuna sifuri ya kweli iko nyuzi 273 chini ya hii sifuri yetu ya barafu, hesabu inaanzia huko, ndio kelvini. 50 inakuwa 323, 30 inakuwa 303. Chukua 200 zidisha 303 gawa 323.

Bajaji ya Njano

187.6

nikirudi nilikuta 185

Aisee.

Mwl Kemia Kanda ya Ziwa

Hizo mbili na nusu kagombanie 😂 au pengine ilitoka na nyuzi 54. Gesi iliyomo haijapungua hata chembe, umelipia kilo na kilo zako zipo.

Mzee wa Hoja

Mimi naona mnapoteza muda. Sayansi ya wazungu ni nadharia tu. Kila siku wanabadilisha. Leo Boyle kesho van der nini sijui. Sheria gani inabadilishwa?

Fundi Mabaridi

Mzee Boyle hakubadilishwa, aliwekewa mipaka. Sheria ya barabarani inasema mjini kilomita 50 kwa saa, ukitoka mjini kuna bango jingine. Mtu akisema basi ile ya 50 ilikuwa uongo utamuelewa? Nikibana hewa taratibu ndani ya pampu iliyozibwa mdomo natumia Boyle mpaka leo na haijawahi kunidanganya. Nikija kwenye mtungi wenye maji naangalia bango jingine.

Kamau wa meko

Salaam kutoka Limuru. Wabongo hii thread imenibamba. Huku asubuhi ni baridi mbaya, mwezi wa saba unaamka ni nyuzi 10 hivi ama chini. Meko yangu ya kilo sita asubuhi chai inachukua mwaka, jioni inawaka poa. Mke wangu alikuwa anasema ni regulator, nimebadilisha regulator mbili! Sasa kumbe ni hii butane yenu? Na kuna jirani huwa anamwagia mtungi maji moto kutoka kwa kettle, ati inasaidia. Ni sawa ama ni kujitafutia kifo?

Fundi Mabaridi

Kamau karibu sana. Butani kwa nyuzi 10 imebakiwa na nguvu ndogo sana, nusu baa tu juu ya ile ya hewa kama ni butani tupu, ukianza kupika inapoa zaidi. Regyuleta zako mbili zilikuwa nzima, pole.

Jirani mwambie aache hiyo ya maji moto. Anachofanya kwa nadharia ni sahihi, anarudisha joto, ila anarudisha kwa fujo. Propani kwenye nyuzi 60 inapita baa 20. Na kuna ubaya mwingine watu hawaujui, hayo maji ya gesi yakipata joto yanavimba, ndio maana mtungi haujazwi hadi juu, unaachwa kama sehemu moja kwa tano wazi. Mtungi uliojazwa kupita kiasi ukapata joto, yale maji yakigusa juu, hakuna tena mvuke wa kubana, maji hayabaniki, chuma ndicho kinapasuka. Mitungi ina kifaa cha kupumulia lakini wewe usijaribu kukijua kama kinafanya kazi.

Njia ya kistaarabu: beseni, maji ya kawaida ya bomba, au vuguvugu ambayo mkono wako unakaa humo bila shida. Simamisha mtungi humo. Maji yanapeleka joto kwenye chuma haraka kuliko hewa. Utaona moto unapanda ndani ya dakika chache. Na ukifikia hali ya kuweka barafu kila siku, jiko lako ni kubwa kuliko mtungi wako, tafuta mtungi mkubwa au unganisha miwili ipike pamoja, mtu anayejua akufungie.

Nyie mnaolaza mtungi gesi ikikaribia kuisha, nawaona. ACHENI. Ukiulaza unatoa maji badala ya mvuke. Tone moja la propani likitoka nje linakuwa mvuke mara 270 ya ujazo wake. Regyuleta haikutengenezwa kwa ajili hiyo, moto utatoka wa kwenda darini.

mamaK wa Tandika

Mimi nimewahi kulaza. Pazia likaungua. Naishia hapo.

DogoPCM

wakuu mimi niko form five, swali la kizushi. gesi kilo 6 ikiisha, ile kilo 6 imeenda wapi? maana mtungi unarudi mwepesi na jivu hakuna

Mwl Kemia Kanda ya Ziwa

Wewe PCM, msoma fizikia, kemia na hesabu, unauliza sisi? Piga hesabu. Propani moja, oksijeni tano, inatoka kaboni dioksaidi tatu na maji manne. Uzito 44 wa propani unakula 160 wa oksijeni, unatoa 132 na 72. Lete majibu ya kilo 6 hapa.

DogoPCM

kaboni dioksaidi kilo 18

maji kilo 9.8

oksijeni iliyoliwa kilo 21.8

hiyo ni sawa kweli mwalimu??

Mwl Kemia Kanda ya Ziwa

Sawa kabisa. Jumlisha, kushoto 27.8, kulia 27.8. Na ukiwa na butani inabadilika kidogo tu.

Mzee wa Hoja

Kilo 6 izae kilo 18 za moshi na ndoo ya maji juu? Huo sio ukemia ni upatu huo, weka sita uvune ishirini na nane. Na hayo maji lita kumi mbona siyaoni jikoni kwangu yamemwagika?

Fundi Mabaridi

Mzee umeyaona miaka yote. Weka sufuria la maji baridi juu ya moto wa gesi, dakika ya kwanza chungulia chini ya sufuria. Linatoka jasho, matone yanaangukia kwenye jiko yanafanya chiii. Mke wangu alishawahi kutupa sufuria zima akidhani limetoboka. Yale sio maji ya ndani ya sufuria, ni maji mapya yaliyozaliwa kwenye moto, yamegusa kitu cha baridi yakageuka matone. Sufuria likishapata moto hayaonekani tena, yanapaa dirishani.

Na sio upatu kwa sababu kuna mtu wa tatu kaweka mtaji humjui, hewa. Imetia kilo 21 na ushee.

Mwl Kemia Kanda ya Ziwa

Mzee wa Hoja, hoja yako ndiyo iliyowasumbua wakemia wa zamani, usijione mjinga. Waliona kuni zikiungua linabaki jivu jepesi, wakasema kuna kitu kinatoka, wakakipa na jina. Ila chuma kikichomwa hadi kikageuka unga kilikuwa kinaongezeka uzito na wakawa wanazunguka zunguka kujieleza. Mfaransa Antoine Lavoisier akafanya jambo la kihasibu, akafunga chombo. Alichemsha zebaki siku 12 ndani ya chombo kilichozibwa na hewa yake, unga mwekundu ukatokea juu ya zebaki na hewa ikapungua. Akauchoma ule unga, hewa iliyopungua ikarudi. Akajumlisha mapato na matumizi, kitabu kikasawazika. Ile hewa ndiyo akaiita oksijeni, kitabu chake kikubwa kikatoka 1789. Na kweli alikuwa mtu wa mahesabu, kazi yake ya kula ilikuwa kampuni ya kukusanya kodi ya mfalme, na mapinduzi yalipokuja walimkata kichwa tarehe 8 Mei 1794 kwa ajili ya hiyo kodi, kemia haikuwa na kesi.

Mzee wa Hoja

Hapo kwenye kodi ndio nimeelewa vizuri.

Fundi Mabaridi

😂😂 Mzee bwana.

Sasa kwa sababu moto unakula kilo 21 za oksijeni kwa kila mtungi mdogo, jikoni fungueni dirisha. Hewa ikikosekana moto unakuwa wa njano, masufuria yanashika masizi, na badala ya kaboni dioksaidi inaanza kutoka kaboni monoksaidi ambayo haina harufu na inaua mtu amelala. Kwenye mkaa ndio mbaya zaidi. Na gesi yenyewe ikivuja ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani mara mbili, inatambaa sakafuni. Ukinusa usinuse juu, nusa chini kwenye magoti. Ile harufu ya vitunguu vilivyooza wameiweka makusudi, yenyewe haina harufu.

Kamau wa meko

Sasa fundi, kama geji haisemi kiasi, mtu ajue aje gesi imebaki ngapi? Umetuambia yote hiyo hujasema.

Fundi Mabaridi

Kweli nimesahau kilichonileta.

Mizani! Angalia shingoni au kwenye kola ya mtungi kuna namba imegongwa, uzito wa mtungi mtupu. Wangu umegongwa 7.4. Jana nimeuning'iniza kwenye mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki, ikasoma 9.1. Toa, imebaki kilo 1.7, basi. Uzito haupandi na jua wala haushuki na baridi. Kwenye friji za siku hizi za R600a, ambayo ni ndugu wa butani yenu ya jikoni, ni gramu hamsini sitini tu zinaingia, fundi anayejaza kwa kuangalia geji anaua kompresa ya mtu, anayejua anaweka chupa ya gesi juu ya kimizani kidogo anahesabu gramu.

Kama huna mizani, mwagia mtungi kikombe cha maji vuguvugu ubavuni, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Mahali panapoanza kuwa baridi ghafla ndio usawa wa maji ya gesi. Yale maji yanameza joto la chuma haraka, mvuke hauwezi.

mamaK wa Tandika

Fundi nimerudi. Nimenunua mizani ya ndoano leo sokoni. Ule mtungi niliotaka kubadilisha kesho umebaki kilo 2.3. Nimeuweka kwenye beseni na umeivisha maharage yote. Ila nimepeleka mtungi mpya wa jirani kwenye mizani ya duka na ya kwangu, zinapishana gramu 200. Nimuamini nani?

Fundi Mabaridi

Mama pima kitu unachojua uzito wake. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja ning'iniza kwenye yako uone inasoma ngapi.

mamaK wa Tandika

Imesoma gramu 960.

Sasa ni mizani au ni sukari?